Uwazi wa mishahara kisheria: afisa rasilimali watu anatuliwa mzigo au anatwishwa mwingine?

Mwanzisha mada
Wakuu, nafungua mjadala nikiwa na upande wangu, sifichi. Kazi yangu ni utumishi, na naunga mkono sheria za uwazi wa mishahara zinazokuja. Karibuni mnipinge.

Kwa asiyefuatilia: Umoja wa Ulaya ulipitisha Agizo namba 2023/970 mwezi Mei 2023, na nchi wanachama zikapewa hadi Juni 7, 2026 kuliingiza kwenye sheria zao. Mwombaji kazi ataambiwa mshahara wa kuanzia, au kiwango cha chini na cha juu, kabla ya kujadiliana. Ni marufuku kumuuliza alikotoka alikuwa analipwa ngapi. Aliyemo kazini anaweza kuomba kwa maandishi wastani wa mishahara ya wenzake wanaofanya kazi ya thamani sawa, wanawake mbali na wanaume mbali, na ajibiwe ndani ya miezi miwili. Waajiri wenye watu 100 na zaidi watatoa ripoti ya pengo la mishahara kati ya wanawake na wanaume, kwa awamu. Pengo likifika asilimia 5 katika kundi moja bila sababu ya msingi, na miezi sita ikapita halijarekebishwa, mwajiri ataketi na wawakilishi wa wafanyakazi waipitie mishahara hiyo pamoja.

Sasa hoja yangu. Mkurugenzi anakuja na mtu wake, anasema mpe kiasi fulani. Afisa anaandika barua ya ajira. Siku mwenzake wa meza ya pili akigundua, anayeitwa kujieleza ni afisa, mkurugenzi hayupo. Sheria hii inampa afisa neno la kusema mapema: "Bosi, hili kwenye ripoti nitalieleza vipi?" Kwangu hiyo ni ngao.

Mchangiaji wa 1 (naye yuko utumishi)
Mkuu, ngao hiyo umeichora nzuri kuliko ilivyo. Tangazo la kazi ndiyo sehemu nyepesi. Shughuli iko kwa waliomo tayari. Ili uandike kiwango cha chini na cha juu, lazima uwe na madaraja ya mishahara, na kampuni nyingi hazina. Huyu aliajiriwa wakati fani yake ni adimu, akataja dau akapewa. Yule alikuja akiwa hana kazi, akakubali alichoonyeshwa. Wote cheo kimoja.

Agizo linataka tofauti ipimwe kwa ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi. "Alijua kujinadi" haimo! Kwa hiyo kila kazi itabidi ipimwe upya, tena na ofisi yenye watu wawili ambao hao hao wanashughulikia likizo, bima na kesi za nidhamu. Wakimaliza kupima wakaona pengo, hela ya kuliziba wanaishika wao? Fungu liko kwa mkurugenzi wa fedha. Afisa atabaki na karatasi inayothibitisha kosa ambalo hana uwezo wa kulirekebisha.

Mchangiaji wa 2
Poleni na kazi, ila mimi niko upande wa pili wa meza. Tunaambiwa "mshahara ni maelewano." Maelewano gani, mmoja anaijua bajeti na mwingine anabahatisha? Ipitisheni hiyo sheria hata leo.

Mchangiaji wa 3 (mwajiri)
Ndugu wa hapo juu, usishangilie mapema. Denmark tangu 2006 iliwataka waajiri wenye watu 35 na zaidi watoe takwimu za mishahara kwa jinsia. Utafiti uliofuata ulionyesha pengo lilipungua kweli, lakini hasa kwa sababu mishahara ya wanaume ilipanda polepole zaidi. Nami nitafanya vivyo hivyo, nawaambia ukweli. Nikijua nyongeza ya mmoja itadaiwa na wote, simpi hata huyo mmoja.

Mwanzisha mada
Ya Denmark ni kweli, na mwajiri amesema wazi ambacho wengi wanakifanya kimyakimya. Ila hata leo nyongeza inanyimwa, na sababu haitajwi.

Kwa mchangiaji wa 1: suala la fungu ndilo linaloniumiza kichwa kuliko yote. Mahakama ikiona mtu alipunjwa, Agizo linampa haki ya fidia kamili pamoja na malimbikizo. Mkurugenzi wa fedha haogopi ripoti, anaogopa malimbikizo. Afisa akimpelekea hesabu hiyo mapema, atasikilizwa. Ninachohofia mimi ni ujanja wa viwango vipana. Jiji la New York lilipoanza kulazimisha viwango kwenye matangazo, Novemba 2022, yalionekana matangazo ambayo kati ya chini na juu unaweza kuajiri watu wawili. Ningependa sheria za nchi ziongeze jambo moja: kila mshahara unaotoka nje ya kiwango uwe na jina na sahihi ya aliyeuidhinisha.

Mchangiaji wa 1
Sahihi naikubali. Lakini mkuu, unajua nani ataandaa hiyo fomu, na nani ataambiwa "weka sahihi yako kwa niaba yangu, niko safarini"?