Nimechoka na nyenje: nianze kufuga mende dubia kwa ajili ya pogona wangu?

MamaPogona

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nina pogona (mjusi mwenye ndevu) dume wa miezi minane. Mbali na majani yake, anakula nyenje kama kumi na watano kwa siku, na nyenje hao wamenishinda. Nikinunua mia, siku ya nne nusu wamekufa, na harufu ya waliokufa haitoki hata nikiosha sanduku kwa maji ya moto. Usiku madume wanalia mpaka mwanangu anaamka. Juzi nilisahau watatu ndani ya tangi, asubuhi nikamkuta pogona ana kidonda kwenye kidole cha mguu wa nyuma. Hapo ndipo nilipoamua kutafuta njia nyingine, maana niliumia sana kumwona vile.

Nimesikia habari za dubia. Je, wakitoroka watazaliana ndani ya nyumba? Wanaruka? Nianze na wangapi ili nisiwe nanunua kila wiki? Na hawa mende wa jikoni, siwezi kuwakamata tu nikawafuga? Mume wangu amekubali kwa shingo upande, kwa hiyo nataka nianze vizuri.

BabaKinyonga

Pole dada. Hicho kidole kiangalie kila siku. Kikivimba au kubadilika rangi, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Nyenje mwenye njaa hutafuna chochote, na mnyama aliyelala hana la kufanya. Mimi niliacha nyenje kwa sababu hiyohiyo, geko wangu (aina ya mjusi) aliliwa ngozi ya mkia.

Nianze na swali lako la mwisho. Mende wa jikoni usimpe kabisa. Hujui amekanyaga dawa gani wala amebeba minyoo gani.

Dubia, jina lake la kitaalamu *Blaptica dubia*, asili yake ni Amerika Kusini na ni mdudu wa tabia nyingine. Hawezi kupanda plastiki laini wala kioo kisafi. Dume ana mabawa kamili lakini mara nyingi huyatumia kupunguza kishindo cha kuanguka tu. Jike ana vibawa vifupi visivyomfikisha popote. Hatagi mayai nje, anazaa watoto hai, kama ishirini hadi thelathini na tano kwa mkupuo, na ili azae vizuri anahitaji joto la nyuzi 28 hadi 33. Nyumba ikiwa na ubaridi wa kawaida, aliyetoroka hujificha, hazai, anakufa. Mahali penye joto kali mwaka mzima usijiamini hivyo, funika vizuri. Tena uliza sheria za nchi yako kwanza, maana Australia, kwa mfano, haiwaruhusu.

Kuna aina nyingine inayouzwa kwa kazi hiyohiyo, mende mwekundu wa Turkestan. Anakimbia sana na wanyama wanampenda, lakini anataga vifuko vya mayai, na kifuko kimoja kikidondoka nyuma ya kabati umepata wageni. California walionekana mwaka 1978 na mpaka leo wapo nje huko, kwenye nyufa na masanduku ya mita za maji. Kwa mtu mwenye mtoto na mume mwenye wasiwasi, mimi nasema dubia.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokwama. Kumi na watano kwa siku ni 450 kwa mwezi. Jike huzaa takriban kila miezi miwili, chukua watoto 25, basi kwa mwezi ni kama 12 kwa kila jike. Ukigawa unapata majike kama 40. Ongeza kidogo kwa watakaokufa, weka 50, na dume mmoja kwa kila majike wanne. Madume wa ziada ndio wa kwanza kuliwa. Mtoto anazaliwa na urefu wa milimita tatu hivi na anachukua miezi minne mpaka sita kukomaa, kwa hiyo ukianza leo usitegemee kundi lako kesho. Endelea kununua chakula kwanza. Kundi langu la kwanza nililiua kwa tamaa: mwezi wa pili niliona vitoto vimejaa, nikaanza kuvuna kila siku, na nikagusa hata majike wachanga. Mwezi wa tano sikuwa na cha kuvuna. Nilianza upya, na mara hii niliandika tarehe ya kuanza kuvuna kwenye kifuniko na sikuchukua kitu mpaka ilipofika.

Boksi ni la plastiki laini, refu kwenda juu, lisiloonyesha ndani kwa sababu wanapenda giza. Kata tundu kwenye kifuniko, bandika wavu wa chuma. Ndani simamisha trei za mayai wima. Ukizilaza, kinyesi kinakaa juu yake na unyevu unaleta ukungu. Chini usiweke chochote. Pedi ya joto bandika ubavuni upande mmoja tu ili waweze kuikimbia, na lazima iwe na themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto. Joto ndilo kila kitu kwa dubia. Watu wananiambia "mende wangu hawazai", nikiuliza kipimajoto kinasema ngapi, hawana kipimajoto.

Chakula kikavu ni nafaka iliyosagwa au pumba. Chakula cha mbwa au paka usikizoeshe: protini ikizidi, mende huihifadhi mwilini kama asidi ya uriki, na huo ni mzigo kwa figo za mtambaazi. Maji wapate kwenye karoti, boga au chungwa, na mabaki uyatoe siku ya pili. Bakuli la maji wazi huzamisha watoto.

Lingine ambalo wauzaji hawalisemi: dubia naye, kama nyenje, ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Pogona wa miezi minane bado anakua, usipompakia mdudu unga wa kalsiamu atapata matege. Nyama ya dubia ni nzuri, mifupa haijengi peke yake.

DadaGeko

Nakubaliana na hayo yote, ila naongeza la afya yako wewe mwenyewe. Nimefuga dubia miaka sita. Mwaka wa tatu nikaanza kupiga chafya kila nikifungua boksi, kisha macho, kisha kifua kikabana. Vumbi la kinyesi na magamba wanayojivua linaleta aleji, na inakuja polepole. Mwenye aleji ya kamba wa baharini awe mwangalifu zaidi, protini zinafanana. Siku ya kusafisha vaa barakoa na glavu, fanyia nje, na boksi lisikae chumba anacholala mtoto.

Sikuacha kuwafuga. Nimejifunza tu kutochezea vumbi lao.

MamaPogona

Ahsanteni sana, hilo la kifua sikulijua, na mwanangu ana pumu kidogo. Nitaweka boksi stoo. Swali moja: nilimpa pogona dubia wanne wa kujaribu, wawili alikula, wawili walijibanza chini ya jiwe wakatulia kama wamekufa. Nifanyeje?

BabaKinyonga

Kama mtoto ana pumu, kazi ya kusafisha ifanyike akiwa hayupo, na mweleze daktari wake kwamba mna wadudu hawa. Usilione ni jambo dogo.

Hao wawili watafute leo. Kujibanza ndiyo tabia yao, na kwa mnyama anayewinda kwa macho kitu kisichosogea si chakula. Kinyonga wangu alimdharau dubia wiki mbili nzima. Nilichofanya: mende ndani ya bakuli laini lenye ukuta wa sentimita saba, chini ya taa. Mwanga unawafanya wazunguke wakitafuta kivuli, na kutoka hawawezi. Akiendelea kusita, mshike mende kwa kibano umtikise taratibu mbele yake. Ukubwa usizidi nafasi iliyo kati ya macho ya pogona. Na usimwachishe nyenje ghafla, changanya kwa muda.

MamaPogona

Nimewapata wote wawili, mmoja alikuwa ndani ya gogo. Bakuli limefanya kazi, amekula sita bila kusita. Majike 50 na madume 13 wanakuja wiki ijayo, na kipimajoto kimeshasoma 30 siku tatu mfululizo boksi likiwa tupu. Tarehe nitaiandika kwenye kifuniko.