Ushauri: ramani yangu ya Kilwa 1505 (Age of Empires II) inapendeza lakini haichezeki

Jahazi_la_Kusini:
Habari za leo wakuu. Nahitaji msaada wa wenye uzoefu na kihariri cha ramani cha Age of Empires II, ile Definitive Edition ya 2019.

Nimechora Kilwa Kisiwani, Julai 1505, Francisco de Almeida anaingia na meli za Wareno. Mchezaji ni Sultani Ibrahim, Wareno wanachezwa na kompyuta. Msikiti Mkuu upo, Husuni Kubwa ipo juu ya jabali lake inaangalia bahari, Songo Mnara iko upande wa kusini, mikoko imejaa kwenye vijito vya maji ya chumvi. Ukubwa ni 480 kwa 480, mkubwa kuliko yote.

Wenzangu niliowapa wanaisifia, kisha wanaiacha kabla vita havijaanza. Meli za Wareno zinarandaranda majini na askari hawashuki. Ukimtuma mwanakijiji upande wa pili unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi hajafika. Halafu biashara ya kwenda Sofala, bandari ya dhahabu huko kusini, inamtajirisha mchezaji mapema mno, dhahabu inakosa kazi.

Naomba kujua: nipunguze ukubwa? Kompyuta naifanyaje ishushe askari? Na watu wa Kilwa niwape taifa gani, maana Waswahili hawamo kwenye gemu? Nataka kijana wa Kilwa Masoko akiifungua apaone kwao.

Fundi_Miraba:
Punguza bila kusita. Mwanakijiji hutembea mraba 0.8 kwa sekunde moja ya gemu, kwa hiyo kuvuka miraba 480 ni sekunde 600, dakika kumi nzima za gemu ukitazama mtu akitembea. Kwenye 144 kwa 144 safari hiyo hiyo ni sekunde 180. Kisiwa chenyewe si kikubwa, na kutoka Masoko unavuka kwa mashua muda mfupi tu. Wewe umekizungushia bahari isiyo na kazi.

Usiikate hiyo uliyonayo. Fungua mpya, ile kubwa ibaki ya kuangalizia.

Mama_Triga:
Jahazi, hongera kwa kazi, lakini usiitegemee kompyuta ivushe jeshi kwa akili yake kwenye ramani uliyoichora kwa mkono. Kutua kwa Wareno ndiyo roho ya mchezo wako, kwa hiyo kuandike mwenyewe kwa triga, yaani amri za kihariri zinazofyatuka sharti lake likitimia.

Mimi hufanya hivi. Meli ya kubeba askari naiweka nje ya upeo wa macho wa mchezaji. Triga ya kwanza ina sharti la muda. Muda ukitimia inaunda askari ndani ya meli na kuiamuru ishushe abiria kwenye ufuko nilioutaka. Triga ya pili huanza imezimwa, ya kwanza ndiyo inaiwasha. Sharti lake ni kuwepo askari wa Wareno kwenye eneo la ufuko, na ikitimia inawaamuru wasonge mbele huku wakishambulia kuelekea ikulu. Eneo la ufuko lichore pana kidogo, kwa sababu abiria hushuka wakatawanyika, na ukibana sana triga itasubiri mtu ambaye hatakanyaga mraba huo kamwe.

Kumbuka pia kwamba triga isiyo na sharti lolote, ikiwa imewashwa, hufyatuka gemu linapoanza tu. Ukikuta Wareno wapo mjini dakika ya kwanza, tafuta kosa hapo.

Tena Almeida aligawa watu wake makundi mawili, moja akaliongoza mwanawe Lourenço. Weka fuko mbili. Mchezaji akiona meli za kwanza atakimbiza jeshi lake lote huko, na hapo ndipo kundi la pili linashuka upande wa ikulu. Anajiuliza abaki au arudi. Ramani yako ya sasa haimuulizi swali lolote la namna hiyo, na nadhani ndiyo sababu wanaiacha.

MwanaMvita:
Salaam. Mimi nitasema jambo ambalo huenda halitakufurahisha, ndugu yangu. Umechagua mji usiofaa kwa vita. Kilwa ilitekwa karibu bila upinzani. Ibrahim alitoroka, Wareno wakaanza kujenga ngome yao na wakamweka Muhammad Ankoni kwenye kiti. Hapo utapata vita gani?

Vita vilikuwa kwetu Mombasa, Agosti mwaka ule ule. Mizinga ilizipiga meli zikiingia mlangoni mwa bandari. Mji ulitiwa moto, na askari walipoingia vichochoroni, watu waliwavurumishia mawe kutoka juu ya madari. Hivi vyote vinachorwa: mnara wa mzinga kwenye mlango wa bahari, nyumba zilizobanana hadi njia inapitisha watu wachache tu, wapiga mishale nyuma ya kuta. Askari wa Kireno aliyevaa chuma hana raha kwenye kichochoro. Nakuomba kitu kimoja tu, usiweke Fort Jesus. Ile ilianza kujengwa 1593, na kila ramani ya Mombasa ninayoiona imeibandika humo.

Kaskazi_na_Kusi:
MwanaMvita kasema kweli kuhusu vita, ila sikubali kwamba Kilwa haifai. Sultani kutoroka bila vita ni mwisho wa habari ndefu, na ramani ianze kabla ya mwisho huo.

Kilwa ilitajirika kwa dhahabu iliyoshuka Sofala kutoka nyanda za Zimbabwe. Chombo kutoka Arabuni kikija na kaskazi kinafika Kilwa na kuwahi kurudi na kusi. Kikitaka kuendelea hadi Sofala, msimu mmoja haukitoshi. Ndiyo maana mwenye Kilwa alishika mlango. Sasa iweke habari hiyo kwenye gemu. Sofala iwe mchezaji wa pekee, mshirika mwenye bandari. Dhahabu ya biashara huongezeka kadiri bandari mbili zinavyoachana, kwa hiyo bandari ya Sofala usiiweke mbali mno na Kilwa.

Misimu itengeneze kwa triga mbili zinazoamshana. Ya kaskazi muda ukitimia inaleta meli za Aden na za Khambhat ya India na kumpa mchezaji mbao na chakula, kisha inaiwasha ya kusi. Ya kusi inaziondoa meli hizo, kisha inaiwasha ya kaskazi. Na baada ya misimu michache, badala ya meli za biashara, wanatokea Wareno.

Swali la mchezaji linakuwa hili: dhahabu aliyokusanya aitie kwenye kuta, au aipeleke Mombasa kununua mshirika, au aipakie melini akimbie nayo bara kama Ibrahim? Kukimbia nako kupewe ushindi wake, kwa sharti la kufikisha watu na mali eneo fulani la bara. Hapo mtu atacheza mara tatu.

Jahazi_la_Kusini:
Wakuu, nimesoma yote na nimenyamaza kwa muda. Kaskazi, hilo la kukimbia sikuwahi kulifikiria kama ushindi, na ndilo lililotokea kweli! MwanaMvita, Mombasa nitaifanya sehemu ya pili, na Fort Jesus haitakanyaga humo, nakuahidi.

Bado nimekwama kwenye taifa. Niliwapa Wamali kwa kuwa ni Waafrika, lakini majengo hayafanani kabisa.

Kaskazi_na_Kusi:
Wasaraseni, kwa maoni yangu. Sokoni makato yao ni asilimia 5 tu, na meli zao za kubeba watu zina uimara zaidi na nafasi zaidi, vyote vinaufaa mji wa biashara. Kuba na kuta zao ziko karibu zaidi na nyumba za matumbawe na chokaa. Ngamia na Mamaluki, askari wao wapanda ngamia, uwazime kwenye orodha ya vilivyokatazwa, havina nafasi Kisiwani.

MwanaMvita:
Hapo mimi sikubaliani sana. Ukiwapa Wasaraseni, mchezaji wa nje ataondoka akiamini Kilwa ilijengwa na wageni, na hilo tumelipinga miaka mingi. Angalau wahusika wapewe majina ya kwetu, na maelezo ya mwanzo yaseme wazi kwamba huu ni mji wa Waswahili.

Mama_Triga:
Yote mawili yanawezekana: sifa za Wasaraseni, jina la mchezaji liandikwe «Kilwa», na maelezo ya mwanzo uyaandike kwa Kiswahili kabisa.

Jahazi, usianze na nyumba tena. Anza na fuko mbili, njia ya maji na ikulu, ardhi nyingine iwe nyasi tupu. Husuni uipandishe mwinuko wa kweli, maana anayepiga kutoka juu huongezewa madhara kwa asilimia 25, na wapiga mishale wako watakuwa na sababu ya kukaa pale. Wape wenzako wacheze ikiwa hivyo hivyo uchi. Wakigombania ule ufuko wa pili, pandisha mikoko. Wasipougombania, usogeze karibu na ikulu uwape tena.

Jahazi_la_Kusini:
Sawa mama, shukrani. Ninafungua mpya ya 144 usiku huu. Kwanza nichore mkondo kati ya Masoko na Kisiwani, nikimaliza nitaweka faili hapa mnikagulie fuko zote mbili.