Eti "kisiwa chako ni Mtera"! Yule wakala wa tiketi wa hapa Dodoma amenivua nguo mbele ya mama mkwe

Zabibu Chungu (mtoa uzi)

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi. Mikono inatetemeka, nimekaa kwenye benchi la muuza kahawa ng'ambo ya barabara naandika huku vumbi la Dodoma linaniingia puani. Jina simtaji. Wa Dodoma mnamjua. Yule mwenye meza ya kioo na kindege cha plastiki kilichovunjika bawa, anayepokea simu tatu kwa mpigo huku anakwambia "bosi nakusikiliza". Huyo huyo.

"Mzee, kwa bajeti hii kisiwa chako ni Mtera."

Nimeambiwa mimi. Mtumishi wa umma mwaka wa kumi na tisa. Mbele ya mama mkwe!

Chanzo ni hiki. Mimi na mama watoto tunatimiza miaka 20 ya ndoa mwezi wa sita. Nikasema safari hii hatuli kuku tukalala, tunakwenda Mafia, Unguja na Pemba, siku tisa, kwa ndege kama watu. Nikampa kazi ya tiketi na malazi, nikamwachia na elfu hamsini ya "usumbufu". Wiki tatu nzima ni "kesho bosi". Kesho yake ina mkia.

Leo nimetoka kumpeleka mama mkwe kliniki ya macho, amekuja kutoka Kondoa, nikasema tupitie tuchukue ratiba dakika mbili tu. Laiti ningejua.

Karatasi yenyewe ni hii. Ndege ya kutoka Dodoma inatua Dar saa nne na dakika arobaini. Ya Mafia inaruka saa nne na hamsini. Dakika kumi! Mke wangu kutafuta kiatu chini ya kiti tu ni dakika saba. Alhamisi usiku tumewekewa chumba Nungwi, Unguja, na Alhamisi hiyo hiyo usiku tumewekewa chumba Chake Chake, Pemba, sijui tugawane ndoa. Halafu pembeni kaandika kwa kalamu: "Mafia–Pemba, boti, nusu saa". Mafia iko kusini ya Dar huko chini, Pemba iko kaskazini ya Unguja. Hata papa mwenyewe angeomba kupumzika njiani.

Nikauliza kwa adabu. Akatoa kifuniko cha kalamu sikioni, akakiangalia kilichotoka nacho, akakipangusa kwenye karatasi YANGU, ndipo akanitazama na kusema. Mtera. Kisiwa changu ni Mtera. Mtera ni bwawa, wakuu!

Na mama mkwe akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, kindege kikaanguka. Kwenye bajaji ananiuliza taratibu, "Baba, sasa huko Mtera tunaondoka lini?"

Sina la kuongeza. Mods msiunganishe huu uzi na ule wa nauli.

Mlenda wa Jana

Pole mkuu. Bajeti ni shilingi ngapi?

Kiti cha Dirishani

Nimecheka hapa ofisini Mtumba mpaka bosi kachungulia. "Mama mkwe akashika meza" 😂😂

Zabibu Chungu

Mlenda wa Jana, bajeti siyo hoja. Hoja ni lugha. Mtu unamwambia mteja wako kisiwa chake ni Mtera?

Jiwe la Area D

Huyo jamaa namjua vizuri. Mwaka juzi alinikatia tiketi ya Mwanza ya tarehe 31 mwezi wa sita. Nimekaa na kalenda nikiitafuta hiyo siku mpaka leo.

Mpemba Halisi

Asalaam aleikum. Mleta mada, hiyo karatasi imeandikwa vipi zile herufi tatu tatu za viwanja? Tuwekee hapa.

Zabibu Chungu

DOD, DAR, MFA, DAR, ZNZ, POL. Kwa nini?

Mpemba Halisi

Loh! Pemba yetu ni PMA, kaka. POL ni Pemba ya Msumbiji, kule Cabo Delgado. Umekatiwa kwenda nchi ya watu. Sisi kila siku tunasema, Pemba haiheshimiwi. Wageni wote Unguja, sisi tunabakishiwa usiku mmoja wa mwisho, na huo mmoja nao unapelekwa Msumbiji! Tuna msitu wa Ngezi, tuna popo wetu ambao hawapo popote duniani isipokuwa Pemba, tuna karafuu, lakini nani anatuuliza?

Kiti cha Dirishani

Mkuu una pasi ya kusafiria? 😂

Zabibu Chungu

Mungu wangu. Msumbiji?? Na bado akaona wa kuchekwa ni mimi. Kifuniko cha kalamu sikioni, halafu "kisiwa chako ni Mtera".

Mlenda wa Jana

Bajeti, mkuu.

Popo wa Chole

Mimi nimefanya kazi Mafia miaka minne. Kwanza, Mafia siyo Zanzibar, ni wilaya ya mkoa wa Pwani, kwa hiyo akikwambia boti ya visiwani kwa visiwani ujue hata ramani hajawahi kuifungua. Mara nyingi unarudi Dar ndipo unaruka Unguja. Pili, vile vindege ni vidogo, mzigo ni kilo 15, na wanataka begi laini. Usije na yale masanduku ya harusi. Na ndege ya kuunganisha acha nafasi ya kutosha, ikiwezekana lala Dar. Alikuahidi papa potwe?

Zabibu Chungu

Aliniahidi tutaogelea nao. Kasema "uhakika asilimia mia".

Popo wa Chole

Juni? Wale wanaonekana Kilindoni kuanzia kama Oktoba mpaka Machi. Juni utaogelea na mama mkwe.

Jiwe la Area D

😂😂😂 Funga uzi.

Dada wa Ilazo

Afadhali wewe umetukanwa kabla ya kulipa. Mimi nililipia chumba Paje "hatua tano kutoka baharini". Nafika mchana, bahari haipo! Imeondoka! Nimetembea kwenye matope na gauni jeupe karibu kilomita nzima, nakutana na akina mama wa mwani wananiuliza "mgeni wapotea?" Bahari naiona kwa mbali kama posho ya safari.

Mpemba Halisi

Hayo ni maji kupwa, dada. Pwani ya mashariki ndivyo ilivyo. Subiri kama saa sita yanajaa yenyewe.

Dada wa Ilazo

Saa sita? Bora hiyo bahari ina ratiba. Huku Ilazo maji yalikatika Jumapili na hakuna anayejua yanajaa lini.

Kiti cha Dirishani

Nkuhungu siku ya nne leo. Dumu limefika bei ambayo siandiki hapa, nisije nikaonekana mchochezi.

Zabibu Chungu

Jamani turudi kwenye mada. Mtu amenidhalilisha.

Mlenda wa Jana

Tutarudi ukitaja bajeti.

Zabibu Chungu

Laki tisa.

Mlenda wa Jana

Kwa kila mtu?

Zabibu Chungu

Jumla.

Mlenda wa Jana

Watu wawili, siku tisa, visiwa vitatu, kwa ndege, laki tisa. Mkuu, naomba namba ya yule wakala nimpe pole.

Jiwe la Area D

Kwa laki tisa panda treni ya umeme mpaka Dar, uko pale ndani ya saa nne, kisha boti ya Unguja saa mbili, ule urojo Forodhani, urudi. Kisiwa kimoja. Pemba na Mafia uziangalie kwenye ramani.

Mvuvi Mstaafu

Samahani, mimi nina jambo. Nimezaliwa Mtera. Uzi mzima mnataja Mtera kama tusi. Kwani Mtera ina nini? Umeme megawati 80 unatoka pale. Maji ya Ruaha mpaka macho yanachoka. Perege wa Mtera kila basi la Iringa linasimama kununua. Mtoa uzi unaringia nini?

Kiti cha Dirishani

Kwa perege nakuunga mkono, mzee wangu. Ila wa Hombolo ana nyama tamu zaidi.

Mvuvi Mstaafu

Hombolo? Wa Hombolo ana tope mpaka kwenye macho.

Dada wa Ilazo

Mzee, aliyekaushwa kwa moshi anakaa siku ngapi bila friji? Huku na umeme nao unakwenda unarudi.

Mpemba Halisi

Nyie wa bara mnaita hao samaki? Njooni Wete muone samaki aina ya changu.

Zabibu Chungu

Wakuu, mama mkwe ameshapiga simu Kondoa. Shemeji zangu wote sasa wananiita Mtera. Nishaurini, elfu hamsini yangu naidai vipi?

Mvuvi Mstaafu

Kijana, tupishe kidogo tumalizie la perege.