Gari inalia "tak" tu haiwaki, naomba ushauri
Wakuu habari za mida, nina Toyota IST otomatiki nipo Kirumba hapa Mwanza, leo siku ya tatu asubuhi nikipiga ufunguo inalia "tak" moja tu stata (mota ya kuwashia injini) haizunguki kabisa, ila taa zinawaka vizuri na honi kali. Betri nimepima ina volti 12.5, sema sijapima wakati napiga stata. Fundi wa kwanza kasema betri imekufa, wa pili kasema kaboni za stata (vipande vya kupitisha umeme ndani yake) zimeisha, na kila mmoja analo duka la kunipeleka 😂 Jana nimeigonga stata na spana ikawaka! Terminali za betri zina unga mweupe kidogo. Nianze kusafisha hizo na waya wa ethi (wa hasi unaofungwa kwenye bodi) au nishushe stata moja kwa moja?