Naomba ushauri: saketi ya usalama ya mashine ya kuvuta nondo

Wakuu, habari za kazi. Maabara yetu ina mashine ya kuvuta nondo hadi ikatike, kupima nguvu yake, ya kN 300 (kilonewtoni), inayoendeshwa na mota ya servo, yaani mota inayoongozwa kwa usahihi na draivu (kifaa cha kielektroniki). Kitufe cha dharura na limiti swichi (za kuzuia boriti inayovuta nondo isipite mwisho wa njia yake) za juu na chini zimeungwa mfululizo, zikikata kontakta (swichi kubwa ya sumaku-umeme) ya umeme mkuu. Shida ni kwamba boriti ikigusa limiti, kila kitu kinazima na boriti haiwezi kurudishwa tena. Fundi mmoja anataka kuiruka swichi kwa waya. Nimekataa kabisa, vijana wanasimama pale nondo ikikatika!

Je, niweke swichi ya ufunguo inayoruhusu kurudi nyuma tu, kwa kasi ndogo? Au limiti za kawaida ziende kwenye draivu, kisha niongeze za mwisho kabisa kwenye relei ya usalama (relei maalumu ya kukata umeme kukiwa na hatari)?

Pia draivu inatoa alamu ya volti kuzidi mota ikisimama ghafla. Nashuku rezista ya breki, ile inayochoma umeme unaorudishwa na mota inapopunguza mwendo. Nianze kupima wapi?