Koh Samui: fukwe, maporomoko na mahekalu. Waliofika, tupeane uzoefu

MtotoWaPangani: Wakuu, salamu. Januari nilikuwa Thailand, nikavuka kwa feri kutoka bandari ya Donsak hadi kisiwa cha Koh Samui, kama saa moja na nusu hivi. Nimekulia chini ya minazi, lakini mkwezi wa kule alinishangaza: ni nyani! Amefungwa kamba shingoni, anaizungusha nazi mpaka inakatika. Nilimwonea huruma mno.

Kilichonigusa hasa ni hekalu la Wat Phra Yai, lenye sanamu ya Buddha ya rangi ya dhahabu, mita 12 kwenda juu, ya mwaka 1972. Viatu unaviacha chini, na jua la saa saba ngazi zinaunguza nyayo kwelikweli. Nendeni asubuhi. Nilikuwa nimevaa kaptula. Bibi mmoja akanipa kitambaa bila kunifokea, nikajifunga kama kikoi. Ndani nilikaa nimekunja miguu nyuma, maana kumwelekezea Buddha nyayo ni kukosa adabu. Mimi ni Mwislamu, sikwenda kuabudu, ila heshima ya mahali pale niliihisi. Maporomoko sikuyafikia. Nani kafika?

MamaWawili: Sisi tulifika, tena Novemba. Msirudie kosa letu! Kisiwa cha Phuket mwezi huo mvua zinapungua, Samui ndiyo kwanza zimepamba moto. Ufukwe wa Chaweng bendera nyekundu siku tatu, watoto wakashinda chumbani wakilia. Lakini maporomoko ya Na Muang yalikuwa yamejaa! Poromoko la kwanza, mita 18, unalifikia kwa urahisi, na chini kuna bwawa la kuogelea. Kulifikia la pili unapanda juu ya mizizi na mawe yenye utelezi. Nilianguka, goti likachubuka. Vaeni viatu vinavyoshika.

Mpwani_Muscat: Msipite bila kufika hekalu la Wat Khunaram. Kuna mwili wa mtawa Luang Pho Daeng, aliyefariki 1973, umekaa mkao wa tafakuri ndani ya kioo, na macho yamefunikwa kwa miwani ya jua. Nilidhani nitaogopa. Nikakuta familia zinaleta maua na udi, wanaongea kwa sauti ya chini kama tunavyozuru makaburi ya wazee wetu. Simu niliirudisha mfukoni.

MamaWawili: Dada zangu, mtawa hashikwi mkono, wala hapewi kitu mkononi na mwanamke. Mimi nilikiweka mbele yake, akakichukua mwenyewe.

MtotoWaPangani: Asanteni sana. Aliyekodi pikipiki kule, je, leseni ya kimataifa waliiulizia?