Tangerine Dream bila Edgar Froese: jina liendelee, au lizikwe naye?

Mleta mada

Wakuu, habari za wakati huu. Kuna jambo limenikaa kifuani tangu Januari 2015 na leo nimeamua kulileta hapa tulijadili. Tarehe 20 ya mwezi ule Edgar Froese, mwanzilishi wa Tangerine Dream, lile kundi la Kijerumani la muziki wa elektroniki, alifariki ghafla mjini Vienna baada ya donge la damu kuziba mshipa wa mapafu. Alikuwa na miaka 70. Tangu alipoliunda kundi Berlin Magharibi mwaka 1967, yeye ndiye pekee ambaye hakutoka. Wengine wote walikuja wakaondoka.

Aprili mwaka ule ule mwanawe Jerome, aliyepiga humo kuanzia 1990 hadi 2006, akatangaza hadharani msimamo wake: kundi lilikuwa ni baba yake, na baba akishakufa basi na kundi limekufa. Mjane wa marehemu, Bianca Froese-Acquaye, akashikilia kwamba Edgar alitaka kazi iendelee. Mpigaji wa kundi, Thorsten Quaeschning, akashika usukani, wakaendelea kutoa albamu na kuzunguka na jina lile lile kwenye mabango. Tangu hapo mashabiki tumegawanyika, na wengine hawasalimiani.

Mimi nasema jina liendelee. Nieleze kwanza ninakotokea, msije mkadhani natetea biashara ya mtu.

Nilimsikia Froese kwa mara ya kwanza kwenye kaseti. Mjomba wangu alikuwa baharia, na kila akirudi alituletea kaseti alizorekodi huko alikopita. Moja ilikuwa imeandikwa kwa kalamu neno moja tu: Phaedra. Niliiweka kwenye redio kaseti ya betri usiku, umeme ulikuwa umekatika. Mdundo ukaanza kutoka mbali, kama mashine inayopumua, ukawa unarudiarudia na kusogea. Kisha nikasikia sauti zinaanza kuyumba, zinahama kidogo kidogo kutoka pale zilipokuwa. Nikajua betri zinaisha. Nikazitoa, nikazianika juani kesho yake kama tulivyokuwa tunafanya, nikajaribu tena. Zikayumba pale pale. Nikanunua mpya. Pale pale!

Miaka mingi baadaye ndipo nikaelewa. Phaedra ni albamu yao waliyoirekodi mwishoni mwa 1973 katika studio ya The Manor, Oxfordshire, Uingereza. Moog waliyoitumia, ile mashine ya kuunda sauti kwa umeme, haikuwa na kumbukumbu yoyote. Ukizima leo, kesho unaanza upya. Kuityuni tu kulimeza saa kadhaa kila siku, na ikishapata joto sauti zake zinahama zenyewe. Mhamo ule ndio niliousikia. Hawakuufuta. Waliuacha ndani ya wimbo, na Februari 1974 ukatoka hivyo hivyo, albamu ikafika nafasi ya 15 Uingereza ingawa redio hazikuipiga sana.

Hoja yangu inaanzia hapo. Kundi hili halikujengwa juu ya nyimbo ambazo mtu fulani lazima aziimbe kwa koo lake. Lilijengwa juu ya namna ya kufanya kazi: watu watatu, mashine zisizotabirika, na usikivu. Edgar ndiye aliyeilea namna hiyo miaka 47, akawafundisha waliokuja. Quaeschning aliingia 2005, Hoshiko Yamane na fidla yake 2011, Ulrich Schnauss 2014, na wote aliwachagua yeye mwenyewe. Kwa hiyo si kwamba kuna wageni walioingia msibani wakabeba jina.

Nawasilisha. Karibuni.

Binti Pangani

Mkuu mleta mada, hadithi ya betri imenigusa, lakini hoja siikubali.

Chukua jalada la Atem, albamu ya 1973. Ule uso wa mtoto mchanga uliopo pale ni wa Jerome. Mtoto yule alikuwepo kwenye muziki huu kabla hajajua kuongea. Mama yake, Monika, ndiye aliyekuwa akitengeneza picha za majalada. Hii ilikuwa kazi ya nyumba moja. Sasa mtu wa namna hiyo akisema "baba yangu ndiye aliyekuwa kundi," sisi tuliosikia kwa kaseti tuna neno gani la kumjibu?

Na usiniambie aliondoka 2006 kwa hiyo hana sauti. Mtoto anaweza kuhama nyumba ya baba yake na bado akajua nguzo ya kati ilikuwa ipi.

Mfano mwingine ni kundi la Popol Vuh la München. Florian Fricke, ambaye alialikwa kupiga Moog kwenye Zeit, albamu ya Tangerine Dream ya mwaka 1972, alifariki 2001. Popol Vuh ikaishia hapo. Hakuna aliyeona kwamba muziki wake umepungua thamani kwa sababu hiyo. Mimi naona umeongezeka, kwa maana ukisikiliza unajua huyu ndiye, hakuna mwingine.

Hawa waliobaki ni wapigaji wazuri, sina ugomvi nao. Wachukue jina lao wenyewe, nitanunua tiketi.

Mzee wa Santuri

Assalaam alaikum. Mimi nina umri mkubwa kuliko wengi wenu humu, mtanivumilia nikirefusha.

Mwaka 1980 nilikuwa mwanafunzi Ujerumani Mashariki. Tulikuwa Wazanzibari kadhaa tuliopelekwa kusoma huko. Januari 31 mwaka huo Tangerine Dream walivuka wakapiga Berlin Mashariki, kwenye ukumbi wa Palast der Republik. Jambo hilo halikuwa la kawaida hata kidogo. Makundi ya Magharibi yaliyoruhusiwa kupiga upande ule kabla yao yalikuwa ya kuhesabu. Tiketi sikupata. Mwanafunzi mwenzangu Mjerumani alipata, akarudi usiku wa manane hawezi kulala, akakaa kitandani kwangu akinielezea kwa mikono kwa sababu Kijerumani changu kilikuwa bado kidogo.

Baadaye Amiga, kampuni ya santuri ya serikali ile, ikaitoa onyesho hilo kwa jina la Quichotte. Nikapanga foleni nikainunua. Nilitarajia mashine. Sindano ilipogusa, nikasikia piano peke yake, pole pole, mtu kama anatafuta njia gizani. Ilikuwa ni Johannes Schmoelling, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kundini. Mashine zikaja baadaye, zikamchukua. Niliisikiliza nikiwa mbali na nyumbani, theluji nje, na sikuwa na mtu wa kumwambia kilichonipata.

Sasa nije kwenye mada. Nyote wawili mnazungumza kana kwamba Froese ndiye kila kitu. Ile sikwensa ya Phaedra, mashine inayorudiarudia mdundo, aliyekuwa akiiendesha ni Christopher Franke. Kwenye ile piano alikuwa Schmoelling. Peter Baumann alikuwa hapo hadi 1977, Franke hadi 1987. Na mwanzo kabisa, albamu ya kwanza ya 1970, Klaus Schulze alikuwa kwenye ngoma na Conrad Schnitzler kwenye chelo. Kama jina linakufa na mwenyewe, mbona halikufa alipoondoka Franke? Wapo walioapa wakati ule kwamba limekufa. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nilikosea.

Kijana wa Gemu

Shikamoo mzee wangu. Asante sana kwa simulizi hiyo, nimeisoma mara mbili.

Mimi nitasema kidogo. Froese nilimjua kupitia Grand Theft Auto V, ile gemu ya 2013. Yeye ni mmoja wa waliotunga muziki wake. Nilikuwa naendesha gari usiku humo ndani, nikasimamisha gari nisikilize tu. Ndipo nikatafuta nani kapiga, nikaanza kurudi nyuma: muziki wao wa filamu, Thief ya 1981, Sorcerer ya 1977, mpaka nikafika albamu ya Rubycon. Kwa hiyo kwangu alikuwa tayari mzee, na miaka miwili baadaye akafariki. Sikupata hata nafasi ya kumngoja albamu mpya kama ninyi mlivyomngoja.

Nikisikia kundi linapiga leo, hiyo ndiyo njia pekee niliyobakiwa nayo ya kukaa ukumbini nikausikia muziki huu ukizaliwa. Da Binti Pangani, ukilizika jina, sisi tuliochelewa tunabaki na makumbusho.

Binti Pangani

Mdogo wangu, nimekuelewa, na sikutaka kukunyima. Lakini angalia unachokisema: unataka kusikia muziki ukizaliwa. Hilo jina jipya lingekupa pia.

Mzee wangu, shikamoo. Umenibana kwa Franke, nakiri. Jibu langu ni hili: Franke alipoondoka, aliyebaki alikuwa na haki ya kusema "hii ni yetu bado" kwa sababu alikuwepo tangu siku ya kwanza. Leo hakuna hata mmoja jukwaani aliyekuwa kwenye onyesho la Kanisa Kuu la Reims, Ufaransa, Desemba 1974, wala hata lile la Warsaw 1983. Uzi umekatika.

Nasi tumeyaona haya kwenye muziki wetu. Franco alipofariki Oktoba 1989, wanamuziki wa TPOK Jazz waliendelea miaka michache, kisha wakatofautiana na familia yake. Simaro Lutumba na wenzake wakaanza upya kama Bana OK. Jina jipya, heshima ile ile. Mbona haikumshusha Simaro hata kidogo?

Mleta mada

Da, mfano wa Bana OK ni mzito, na ndio ulionifanya nikae siku mbili bila kujibu.

Lakini tazama tofauti. Kule familia na wanamuziki walishindwana. Hapa familia yenyewe imegawanyika: mtoto anasema hapana, mjane anasema ndiyo. Na huku kuna upande wa tatu, marehemu mwenyewe, kupitia kazi aliyoiacha. Novemba 2014 alipiga Melbourne na kundi jipya, miezi miwili kabla ya kufa. Alikuwa ameshaanza kipindi kipya, anachora muziki mpya. Michoro ile ndiyo waliyoimalizia kwenye albamu ya Quantum Gate, 2017, kundi lilipotimiza miaka 50. Albamu ya Raum ya 2022 nayo imetumia kanda zake za zamani na faili alizoacha kwenye kompyuta. Mtu anayetaka jina life naye haachi mlango wazi namna hiyo.

Uzi umekatika, umesema. Nisikilize hapa, maana ndipo moyo wangu ulipo. Katika miaka ya mwisho ya uhai wake maonyesho yalikuwa yamejaa vipande vilivyopangwa tayari. Mazuri, lakini ulijua kinachokuja. Baada ya 2015 hawa waliobaki wamerudisha desturi ya kumalizia onyesho kwa kutunga papo hapo, hakuna karatasi, hakuna mazoezi ya kipande hicho. Mara nusu saa, mara zaidi. Hicho ndicho walichokuwa wakifanya Froese, Franke na Baumann kwenye makanisa ya 1974 na 1975. Niliposikia rekodi ya kwanza ya vipindi hivi, mdundo uliingia kwa mbali kama ule wa kaseti ya mjomba, nikajikuta nimeinuka kitini. Sikumtafuta Edgar humo. Nilisikia alichokuwa anakitafuta yeye.

Kwa hiyo uzi haukukatika. Naweza hata kusema uliokuwa umelegea umevutwa.

Ila kuna kitu kimoja nakupa, na nakupa kwa moyo wote. Kwenye Phaedra kuna kile kipande cha Mysterious Semblance at the Strand of Nightmares. Wenzake walikuwa wamelala. Froese akakaa kwenye Mellotron, kinanda kinachopiga sauti zilizorekodiwa kwenye kanda, akamwita Monika aje azungushe vifundo vya mashine ya kugeuza sauti wakati yeye anapiga. Mume na mke, usiku. Monika naye alifariki mwaka 2000. Hicho sitaki kukisikia kwa mikono ya mtu mwingine, hata awe stadi kiasi gani. Mengine yote wapige.

Binti Pangani

Nimekipokea ulichonipa. Kwenye jina bado sijahama.

Nitakwambia hata hivyo kwamba jana usiku niliisikiliza Raum kwa mara ya kwanza, kwa sababu yako. Nilikuwa nimejizuia. Siwezi kusema zaidi kwa leo.

Kijana wa Gemu

Mzee wa Santuri, samahani nakutoa kwenye mjadala kidogo. Ile Quichotte ya Amiga bado unayo?

Mzee wa Santuri

Ninayo, mwanangu. Ilirudi nami Unguja kwenye sanduku, katikati ya nguo za baridi ambazo sikuzihitaji tena. Upande wa kwanza una mkwaruzo pale pale piano inapokaribia kuzimika, sindano inaruka. Niliwahi kununua Pergamon, ambayo ni onyesho hilo hilo lilivyotolewa Magharibi mwaka 1986, safi kabisa, haina mkwaruzo. Nikifika pale kichwa changu kinaruka chenyewe.

Ukipita Unguja niambie. Tutaiweka.